Mchoro Nyuma ya Barua

Jumamosi ya tatu mfululizo, Thayne Kosec alisimama kwenye dirisha la jikoni, kikombe cha kahawa mkononi kimeshapoa, akamwona Gus Sarandos anapita mbele ya nyumba yake bila hata kugeuza shingo. Kwapani alikuwa na boksi la donati. Kwa miaka thelathini na moja boksi lile lilikuwa likiingia mlango huu. Sasa lilivuka barabara, likapanda njia ya zege, likaingia gereji ya Corbin Ashdown.

"Za mdalasini," alisema Thayne.

Mkewe, Raelene, hakuinua macho kwenye gazeti. "Umeonaje kilichomo ndani ya boksi?"

"Doa la mafuta. Za mdalasini ndizo zinazotoa doa."

"Mtu mzima anachungulia boksi la donati la mwenzake. Nenda basi ukaombe moja."

"Kwa Ashdown? Sitii mguu."

Raelene akafunua ukurasa mwingine. Hakuuliza kwa nini. Pale Castle Fork, mji mdogo wa wachimba makaa, hakuna aliyehitaji kuuliza.

Asubuhi moja ya Februari, miaka kumi na moja nyuma, Alden Ashdown, baba yake Corbin na meneja wa mgodi, alipanda juu ya benchi katika chumba cha kuogea cha mgodini akasoma majina mia moja arobaini na mawili. Aliyasoma kwa mpangilio wa herufi, kama mwalimu anayeita mahudhurio, na wanaume wamesimama nusu uchi, masikio yamejaa vumbi la makaa. Kampuni ilisema mgodi umechoka. Mgodi haukuchoka. Mashine zilihamishwa hadi shimo lingine, bonde la tatu kutoka pale, ambako hapakuwa na chama cha wafanyakazi, na makaa yakaendelea kutoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Waliobaki na uchovu ni wale wa kwenye orodha. Mwaka uleule nyumba ya Ashdown iliongezwa gereji yenye milango miwili na taa nyeupe. Siku hizi Alden alikuwa kusini mwa Utah anacheza gofu kwenye joto, na gereji amemwachia mwanawe. Wengi walisahau. Thayne alikumbuka hata rangi ya lile benchi.

Gus naye alikuwa kwenye orodha. Jambo hilo ndilo lililomkaa Thayne kooni kama mwiba wa samaki.

Na kilichokuwa kikitengenezwa mle gerejini kilikuwa wazo lake. Nyuma ya nyumba, chini ya turubai la bluu, pikapu yake ya Kijapani ilikuwa imekaa miaka tisa ikisubiri. Magari ya aina ile yalitoka kiwandani kila gurudumu la mbele likining'inia kwenye mkono wake peke yake, jambo zuri kwa anayekwenda sokoni. Kwa miamba ya kule Moab, wanakokwenda kupandisha magari mawe, ni magoti mabovu. Anayejua kazi hung'oa takataka yote ya mbele, akachukua ekseli moja nzima ya gari kubwa la zamani, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, akaifunga chini ya springi mpya, akainua mwili wa gari kiasi cha kiganja na nusu. Hapo gurudumu moja likipanda jiwe, lenzake linabonyea chini kushika ardhi. Thayne aliipanga kazi hiyo katika daftari la kurasa mia mbili. Ekseli alikuwa nayo. Springi alikuwa nazo. Alichokuwa hana ni siku ya kuanza, maana kila akikaribia kuanza aliona kitu cha kusahihisha.

"Umeshaitengeneza mara arobaini," Raelene alizoea kusema. "Zote hapo mezani."

Jumatano Gus alikuja. Alibisha mlango, yeye ambaye hakuwahi kubisha.

"Nina shida na kipima pembe chako, mzee. Kile chenye sumaku."

"Cha kazi gani?"

"Unajua cha kazi gani."

Thayne alikwenda kukitoa kwenye droo. Kilikuwa kimefungwa kwa soksi. Hakukitoa haraka mkononi mwake. "Tajiri mzima hana kipima pembe?"

"Anacho. Cha umeme, kinabadilisha mawazo kila dakika. Nikamwambia nakwenda kwa mwenye kile cha kweli."

"Ukamwambia ni cha nani?"

"Nimemwambia ni chako. Akasema nikushukuru."

"Kamwambie asinishukuru. Baba yake hakunishukuru."

Gus akajikuna ndevu. Alikuwa mtu mpana, mfupi, na sauti nzito ya waliozoea kuongea karibu na mashine. "Thayne. Aliyesoma majina ni Alden. Huyu alikuwa chuoni, hajui hata benchi lenyewe."

"Gereji anaijua?"

"Ah, bwana wee."

"Nakuuliza. Ile gereji imejengwa kwa nini? Imejengwa kwa jina langu na jina lako. Leo unaingia mle na donati."

"Naingia mle kwa sababu mle kuna gari linalotengenezwa," alisema Gus, taratibu. "Nina miaka hamsini na tisa. Nimekuelekeza mawe kwa mikono yangu hii tangu tukiwa na nywele. Miaka tisa nimekungoja utoe lile turubai. Nakuja, unanionyesha daftari. Mimi sipandi daftari mlimani."

Thayne alihisi uso unamchoma. Kule kwenye miamba dereva haoni mbele ya boneti. Haoni jiwe wala shimo. Anamtazama mtu mmoja aliyesimama mbele yake, na mtu huyo akikunja kidole, dereva anakata usukani. Gus alikuwa mtu huyo wa Thayne. Kumwona akimwelekeza mwingine kulikuwa sawa na kumkuta mkeo anamfunga tai mwanamume wa jirani.

"Mnaifuata ramani ipi?" aliuliza, macho kwenye soksi.

"Ile ya mwanzo. Uliyoichora jikoni kwangu. Ninayo bado."

Mikono ya Thayne ikatulia.

Aliukumbuka mchoro ule. Aliuchora miaka tisa iliyopita, juu ya meza ya Gus, nyuma ya karatasi ya kwanza iliyopatikana. Ekseli, springi, urefu wa kila kitu, na pembeni, ndani ya duara, namba 4: digrii ambazo ncha za ekseli zinageuzwa kulalia nyuma kabla ya kuchomelewa, ili magurudumu yakikata kona yajirudishe yenyewe. Namba ile ilipatikana kwa mazoea ya mgodini. Kule chini waliitundika mashine kwa minyororo darini na kuipima ikiwa inaning'inia, kwa sababu hapakuwa na sakafu iliyonyooka. Hivyo ndivyo walivyofundishwa, naye akapima pikapu yake vilevile, mbele imetundikwa, magurudumu hayajagusa chini.

Miaka miwili baadaye, akiwa peke yake na daftari, aliligundua kosa. Gari si mashine ya mgodini. Likishushwa, springi zinalala kwa uzito, zinaivuta ekseli na kuizungusha, na zile nne zinaliwa karibu zote. Gari la namna hiyo linakwenda vizuri mtaani. Likifika mwendo wa barabara kuu, likagonga ufa mdogo wa lami, magurudumu ya mbele yanaanza kutikisika, na usukani unakupokonya mikono. Thayne aliifuta ile 4 kwenye daftari lake kwa mistari mitatu, akaandika pembeni: UZITO KWANZA. Kwenye karatasi ya Gus hakuifuta. Ni nani angedhani kuna mtu ataitumia?

"Lini mnachomelea?" aliuliza.

"Ncha tumeshazigeuza, tumezishikiza kwa matone machache ya kuchomelea. Jumamosi tunamaliza. Jumamosi inayofuata ni Moab."

Kutoka Castle Fork kwenda Moab unapita korongo, ukuta wa mawe huku, malori ya mafuta yanakuja kule.

"Chukua," alisema Thayne, akampa soksi.

Gus alishuka ngazi. Thayne akafunga mlango, akaegemea hapohapo, na akaona aibu kwamba kitu cha kwanza kilichompitia kifuani kilikuwa raha.

Usiku ule hakula. Raelene alikuwa ameoka viazi vya jibini, anavyovipenda mumewe kuliko chakula chochote, navyo vikapoa.

"Kuna nini?"

"Hakuna."

"Unamwonea wivu Gus, au unamwonea Corbin?"

"Namwonea nani wivu? Wanafuata mchoro wangu. Mchoro wangu wa zamani." Akasukuma kiazi kwa uma. "Una kosa."

Raelene akaweka uma chini. "Kosa la kuharibu rangi, au kosa la kuua?"

"Wana vipimo. Wana taa kama za hospitali. Waone wenyewe."

"Sikukuuliza taa."

Raelene akatoa sahani ya mumewe mezani kabla hajainuka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Alhamisi alijiambia ataenda kesho. Ijumaa alijiambia kwamba wakimhitaji wanajua anapokaa. Jumamosi boksi la donati likapita, na saa nzima baadaye akajikuta anavuka barabara na viatu vya ndani. Alijiambia anakwenda kuchukua kipima pembe chake tu.

Gereji ilinuka chuma kilichosagwa. Pikapu ya Corbin, ya aina ileile ya kwake lakini nyekundu, ilikuwa juu ya stendi nne, magurudumu ya mbele yakielea. Sakafuni walikuwa wamechora chesisi nzima kwa chaki, kwa kipimo chake halisi, kama Thayne alivyokuwa akiota kufanya kwake kama sakafu yake isingekuwa udongo. Na chini ya gari ilikaa ekseli. Walikuwa wameiparua kutu yote na kuipaka rangi nyeusi. Springi zilikaa juu yake kama vidole vya mtu aliyeshika kikombe. Thayne aliitazama, na wivu ukampanda mpaka meno yakamuuma. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa kama ukurasa wa sitini na mbili wa daftari lake, umesimama.

"Mzee Kosec," alisema Corbin, akajifuta mkono kabla ya kuutoa. Alikuwa na miaka thelathini na nne, mrefu, mwenye adabu ile inayomnyima mtu sababu ya kukuchukia. "Karibu sana. Gus alisema huenda ukaja."

"Gus alisema?"

"Nilisema huenda," alisema Gus, kofia ya kuchomelea imeinuliwa utosini. "Kuna donati."

"Sili."

"Za mdalasini."

"Nimesema sili."

Corbin akasogea ukutani, kulikobandikwa karatasi. "Mzee, wewe ndiye fundi mkubwa wa kuchomelea, kila mtu anasema. Hebu tazama mchoro huu wa Gus. Sijaona kitu kama hiki. Hakuna kilichosahaulika, hata urefu wa bolti."

Thayne alidhani hakusikia vizuri. "Mchoro wa nani?"

"Wa Gus."

Gus akashusha kofia nusu, kisha akaipandisha tena. "Alinikuta nao, akauliza ni wangu, nikasema ndiyo. Karatasi ni yangu, Thayne. Nikaona nikilitaja jina lako, hatautumia, au utaniambia niurudishe. Unajijua ulivyo."

Thayne alisogelea ukuta. Mistari yake. Ile 7 yake yenye kijistari katikati, kama alivyofundishwa na babu yake aliyetoka Slovenia na sanduku moja. Na ndani ya duara, ile 4. Alikuwa amekuja na mdomo uliofungwa, na pengine angeondoka nao umefungwa. Huo ndio ukweli, na yeye mwenyewe aliujua. Wema haukumfungua. Asingevumilia mtoto wa Alden Ashdown asimame hapo na kusifia kazi yake kwa jina la mtu mwingine. Ila kuudai mchoro kulikuwa ni kulidai na kosa lake.

Akaibandua karatasi. Upande wa pili ulikuwa barua ya kampuni, *Mpendwa Bwana Sarandos*, na chini kabisa sahihi ndefu ya wino wa bluu. Akaigeuza ili Corbin aione.

"Sahihi ya nani hiyo?"

Corbin akasoma. Masikio yakamwiva mekundu. "Ya baba."

"Ya baba. Na hii ya upande huu ni yangu. Kila mstari. Na hii hapa," akaweka kidole kwenye duara, "hii nne ni yangu, na si sahihi."

"Si sahihi vipi?" aliuliza Gus.

"Nilipima inaning'inia."

"Ndivyo inavyopimwa."

"Mgodini, Gus. Ndivyo inavyopimwa mgodini. Shusha gari."

"Tumeshikiza kwa matone tu. Yatakatika."

"Hayakatiki. Shusha taratibu."

Waliishusha, jeki ikihema, kila mmoja kwenye kona yake. Magurudumu yakagusa sakafu, springi zikalalamika, zikalala. Thayne akakiondoa kipima pembe kwenye meza, akachuchumaa kwa goti lake bovu, akakibandika mahali pake, akangoja mshale utulie. Kisha akasogea pembeni ili wenzake wasome wenyewe.

Mshale ulikuwa chini ya digrii moja.

Corbin ndiye aliyeongea kwanza. "Kwa mwendo wa barabara kuu..."

"Katika korongo," alisema Thayne. "Ufa mmoja tu."

Gus hakuwa anatazama kipimo. Alikuwa anamtazama yeye. "Umejua tangu lini?"

"Miaka saba."

"Siulizi hiyo. Umejua tangu lini kwamba tunautumia?"

"Jumatano."

"Jumatano ulinipa kipima pembe."

"Ndiyo."

"Ukanifungia na soksi."

Thayne angeweza kusema kwamba hata hivyo amekuja. Aliona namna Gus alivyokuwa anahesabu zile siku, Alhamisi, Ijumaa, na asubuhi ya leo hadi donati zikapita, na akaona hesabu imekamilika.

"Kiti cha abiria kilikuwa changu," alisema Gus. Sauti ilikuwa ndogo kwa mtu mpana vile. "Orodha ya Alden ilinitoa kazini. Hii yako ingenitoa wapi?"

Hilo Thayne alilisikia, na alijua atakuwa nalo muda mrefu kama lile benchi.

Corbin alikunja ile barua katikati, akaona si yake ya kukunja, akaikunjua. Akampa Gus. "Mzee Kosec," alisema, "ncha zigeuzwe ngapi?"

"Zikatwe upya. Gari likiwa chini na uzito wote, tangi limejaa, na watu wawili wamekaa ndani. Ndipo mgeuze. Mtaona namba wenyewe."

"Tutaona. Lakini mimi sichomelei ncha. Gus naye anachomelea kama anayepaka siagi."

"Hilo kweli," alisema Gus, bila kucheka.

Thayne alifanya kazi mpaka jua likahama mlango wa kwanza kwenda wa pili. Corbin na Gus walikaa ndani ya gari kama mizigo, naye chini akakata, akageuza, akasoma, akageuza tena. Walipotoka, akachomelea. Hakuna aliyempa maagizo. Ule mshono ulitoka laini, mawimbi yamelaliana, na kwa muda mdogo hakumwonea wivu mtu yeyote, kwa sababu mikono yake ilikuwa ndani ya kitu chake.

Pale kwao aliyechomelea mwisho hugonga herufi zake kwenye ekseli, ili ikivunjika mlimani watu wajue wa kumlaumu. Corbin alileta nyundo na seti ya herufi za chuma bila kuombwa. Thayne akagonga T, akagonga K. Gus alisimama mbali, anaosha mikono ambayo ilikuwa safi.

"Utakuja Moab?" aliuliza Corbin. "Nafasi ya nyuma ipo."

Thayne alimtazama Gus. Gus akachukua taulo.

"Nina kazi nyumbani," alisema Thayne.

Jumamosi iliyofuata alikuwa dirishani mapema. Pikapu nyekundu ilishuka ile njia ya zege, mbele imeinuka, Corbin kwenye usukani, Gus kiti cha abiria na boksi magotini. Ilipofika kona, Corbin aliuachia usukani kidogo, kwa makusudi, na magurudumu yakajirudisha yenyewe, taratibu, kama mlango mzuri unavyojifunga. Gus aliona. Hakugeuza shingo.

"Wamekwenda?" aliuliza Raelene.

"Wamekwenda."

"Watafika?"

"Watafika."

Aliweka sahani ya mayai mbele yake, akakaa. Thayne hakula mara moja. Alikuwa anazifikiria zile herufi mbili chini ya gari, T na K, zinazoingia sasa hivi kwenye korongo, zitakazofika kwenye miamba kabla ya mchana na kusimama mbele ya Gus akikunja kidole. Aliyaona mawe yote, moja moja. Nje, upepo ulikuwa unapigapiga ncha ya lile turubai la bluu, naye alikuwa amekaa jikoni, anayaonea wivu maandishi ya mkono wake mwenyewe.